Dawa Tunayoitengeneza, Dawa Tunayoimeza

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya katikati ya mji na ya upande wa magharibi. Imechapwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Tumeulizwa na wengine kwa nini chama cha wafanyakazi kiketi kuzungumza juu ya sheria za dawa. Wanasema hiyo ni kazi ya madaktari na ya Serikali, na kwamba kazi yetu sisi ni mishahara, nyumba na likizo. Swali hili ni la haki, na lastahili jibu kabla ya jambo lingine lo lote.

Jibu letu ni hili. Katika mkutano huu wamo watu wanaopima unga wa dawa na kuutia katika mashini. Wamo wanaobandika karatasi za majina juu ya chupa, na wanaopakia makatoni katika magari. Wamo vijana wanaosimama nyuma ya meza katika maduka ya holseli ya River Road, na akina dada wanaouza katika kemisti ndogo za Kawangware na Kangemi. Na hapana hata mmoja miongoni mwetu ambaye hajapata kununua dawa kwa mshahara wake mwenyewe, mtoto akiwa na homa nyumbani. Sisi ndio tunaoitengeneza dawa, tunaoichukua, tunaoiuza, na mwisho tunaoimeza. Mtu anayeshika kitu pande zote mbili namna hii hawezi kusema hakimhusu.

Kwanza tuitazame sheria yenyewe, maana wengi wetu hufanya kazi chini yake bila ya kuijua.

Sheria ya Dawa na Sumu, ambayo ni Sura ya 244 katika sheria za Kenya, ilitungwa mwaka 1956 na kuanza kutumika mwaka 1957, nchi ikiwa bado chini ya Mwingereza. Ndiyo iliyounda Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ofisi zake ziko Lenana Road. Wanaopanda matatu ya 46 kwenda Kawangware hupita karibu nayo kila siku. Angalieni jina lake: dawa na sumu zimewekwa pamoja katika jina moja. Waliotunga waliona sawa, kwa kuwa kitu kile kile kinachoponya, kikizidi kipimo au kikichanganywa vibaya, chaweza kuua.

Lakini sheria ile ya kwanza ilimtazama zaidi mtu kuliko kitu. Iliuliza: Nani ana ruhusa ya kuuza? Dawa yenyewe, kama inafaa ama haifai, haikuwa na daftari lake la kuandikishwa. Kanuni za kusajili dawa zilikuja mwaka 1981. Yaani kwa zaidi ya miaka 20 baada ya sheria, muuzaji alikuwa ameandikishwa bali chupa aliyoiuza haikuandikishwa. Tena ilikuwa mwaka 1992 ndipo sheria ilipobadilishwa ili iwepo Maabara ya Taifa ya Kupima Ubora wa Dawa, ambayo iko katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Hatua tatu hizo zilichukua miaka 35: kumjua muuzaji, kuijua dawa, na kuipima. Tunaeleza haya ili ionekane kwamba sheria ya dawa haikushuka kutoka mbinguni ikiwa kamili. Imejengwa kidogo kidogo, na bado yajengwa. Kwa hiyo na sisi tunayo nafasi ya kuweka jiwe letu.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Dawa ya kiwanda hutengenezwa kwa bechi. Unga au maji ya dawa huchanganywa kwa mara moja, na vidonge au chupa zote zinazotoka katika mchanganyiko ule hupewa namba moja. Namba hiyo ya bechi, ambayo wateja wengi hawaitazami kamwe, ndiyo kamba ya kumrudisha ng'ombe aliyepotea. Kukiwa na kosa, Bodi hutangaza namba, na kila mwenye duka hupaswa kutazama rafu zake na kuirudisha bechi hiyo peke yake. Mwezi wa Aprili 2024 ndivyo ilivyokuwa. Wakaguzi wa Nigeria walitangaza kwamba wameona sumu katika bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika ya Kusini mwaka 2021. Bodi yetu ikaamuru bechi hiyo iondolewe madukani Kenya. Fikirini, ndugu: kama kijana wa stoo amezoea kumimina chupa za bechi mbili katika katoni moja ili kuokoa nafasi, au karani hakuandika namba katika risiti, kamba imekatika. Bechi mbaya itakuwa imekwisha kwenda na basi la usiku, na hakuna awezaye kusema imeteremshwa wapi.

Sumu iliyotajwa siku ile jina lake ni diethilini glaikoli. Yafaa kila mfanyakazi wa kiwanda cha dawa za maji alijue. Dawa nyingi za maji za watoto huhitaji maji matamu mazito ya kuyeyushia unga, kama glisarini. Diethilini glaikoli hufanana nayo kwa macho, nayo ni tamu, na bei yake ni ndogo; lakini huharibu mafigo. Ilitumiwa Marekani mwaka 1937 katika dawa ya maji iliyouzwa bila ya kujaribiwa, na watu zaidi ya 100 walikufa. Mwaka uliofuata, 1938, nchi ile ikapata sheria mpya ya kuwalazimisha wenye viwanda waonyeshe usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Mtu angedhani jambo hilo limekwisha. Walakini mwaka 2022 katika Gambia walikufa watoto wapatao 70, na Shirika la Afya la Ulimwengu likazionyesha dawa nne za kikohozi zilizotoka India. Ukijumlisha na Indonesia na Uzbekistan, watoto waliokufa walizidi 300.

Sumu ya namna hii huingiaje? Mara nyingi huingia kwa pipa. Pipa limebandikwa karatasi inayosema glisarini, lakini limepita mikononi mwa madalali wawili watatu, na ndani yake pamekuwa na kitu kingine. Kipimo cha kulitambua kipo, nacho hufanywa kabla ya pipa kutumika, pipa moja moja, si moja kati ya kumi. Na ni nani anayefungua pipa? Si mkurugenzi, wala si mkaguzi wa Lenana Road ambaye hufika kwa siku zake. Ni mwanachama wetu, aliyevaa aproni, saa kumi na moja alfajiri, na msimamizi amesimama nyuma yake akimwambia kwamba gari la mteja linangoja.

Hapo ndipo penye moyo wa hotuba yetu. Mtu huyo akisema, "Bwana, pipa hili halina karatasi ya maabara, silimimini," itakuwaje kwake?

Tumeitafuta sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 8, yamkataza mwajiri kumfukuza mfanyakazi kwa sababu amelalamika juu ya jambo analoliona si salama au lenye hatari kwa afya yake. Ni kifungu kizuri, lakini kinatazama mwili wa mfanyakazi. Pipa lile halitamdhuru yeye aliyelishika. Litamdhuru mtoto wa mbali. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 46, nayo yasema kwamba kupeleka malalamiko juu ya mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, isipokuwa ikionekana kwamba malalamiko hayo hayana msingi. Hii ni ngao, lakini ni ngao ya mahakamani. Mtu hufukuzwa kwanza, kisha hudai. Na kibarua wa siku hafukuzwi hata kidogo: kesho yake haitwi jina langoni, basi. Hakuna barua wala ushahidi. Kwa hiyo kiwanda kinachotegemea vibarua katika chumba cha kuchanganyia dawa kimejinunulia ukimya. Wenye viwanda husema vibarua ni rahisi. Sisi twasema mtu asiyeweza kusema "ngoja" ni ghali kuliko mashini yo yote iliyo humo ndani.

Ndugu, sasa tuje katika bei, kwa maana wako watakaosema: Mambo haya yote ya kupima na kuandika yataongeza gharama, na maskini atakosa dawa. Na wengine, hasa wafanya biashara wakubwa wa ng'ambo, wamezoea kusema kinyume chake: kwamba dawa ya bei ndogo ni dawa bandia. Tusikubali hata moja katika maneno haya mawili.

Dawa bandia ni dawa inayodanganya juu ya yenyewe: jina si lake, kiwanda si chake, au dawa haimo. Dawa ya bei nafuu ni kitu kingine. Ni dawa ile ile, yenye kitu kile kile ndani yake, iliyotengenezwa na kiwanda kingine na kuuzwa kwa jina lake la kitaalamu. Kuzichanganya mbili hizi kumekaribia kuwagharimu watu wa nchi hii maisha yao.

Kumbukeni habari za dawa za UKIMWI. Kuelekea mwaka 2000, dawa tatu za mgonjwa mmoja ziligharimu dola 10,000 na zaidi kwa mwaka katika nchi za matajiri. Mwezi wa Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema itaziuza kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Bunge letu mwaka huo likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, ambayo kifungu chake cha 58 kiliruhusu dawa inayouzwa kwa halali katika nchi nyingine iagizwe kutoka huko. Mwaka 2004 kampuni ya Cosmos ya hapa Nairobi ikapata ruhusa ya GlaxoSmithKline ya kutengeneza baadhi ya dawa hizo hapa hapa.

Kisha mwaka 2008 ikaja Sheria ya Kupinga Bidhaa Bandia. Nia yake ilionekana njema, lakini maelezo ya neno "bandia" yaliandikwa kwa upana mno hata dawa halali ya bei nafuu ingeweza kukamatwa bandarini. Watu watatu waliokuwa wakiishi na virusi, wa kwanza wao Patricia Asero Ochieng, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 2009. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu vile, kama vilivyohusu dawa hizo, viliingilia haki ya uhai, ya heshima ya binadamu na ya afya iliyo katika Katiba ya 2010, na akaitaka Serikali ivitazame upya. Watu watatu, bila ya kiwanda wala bunduki, waliyasimamisha makosa ya sheria nzima. Hii ni hoja ya kuwajibu wale wasemao sheria ni ya wakubwa.

Basi je, viwanda vyetu wenyewe? Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkono wa shirika la ICDC, iliungana na Krka ya Yugoslavia kujenga kiwanda kilichoitwa Dawa. Baadaye kikaingia mikononi mwa watu binafsi. Vingine vilijengwa na wafanya biashara wa hapa. Mwaka 2011 kiwanda cha Universal Corporation, kilichoko Kikuyu, mwendo wa matatu ya 105 kutoka mjini, kilikuwa cha kwanza Kenya kukubaliwa na Shirika la Afya la Ulimwengu kwa dawa ya UKIMWI. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulitangaza kwamba dawa za kiwanda hicho zimenunuliwa na kupelekwa Msumbiji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mfuko huo kununua dawa ya UKIMWI ya daraja la kwanza iliyotengenezwa Afrika.

Tunalitaja jambo hili kwa fahari, lakini tulitazame vizuri. Sehemu kubwa ya unga wa dawa unaotumika katika viwanda vyetu hutoka India na China. Sisi tunachanganya, tunapiga vidonge, tunapakia. Na dawa nyingi zilizo madukani zimeingia zikiwa zimekwisha tengenezwa. Mwaka 2021 India, ikiwa katika tauni ya Korona, ilizuia chanjo zisitoke, nasi tukangoja. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na kliniki zetu zikaingiwa na hofu juu ya dawa za wagonjwa. Mgeni hakulaumiwi kufunga mlango wa nyumba yake. Lakini nyumba isiyo na jiko lake italala njaa siku jirani asipopika.

Kwa hiyo sisi hatupingi viwanda vya nyumbani; twavitaka. Walakini kiwanda hupata soko la ulimwengu kwa sababu karatasi zake ni za kweli na mapipa yake yamepimwa. Mfanyakazi anayesema "ngoja" hakiharibu kiwanda. Ndiye anayekiuzia jina lake.

Hatutasahau wenzetu wa madukani. Wao wanabeba mzigo wa namna nyingine. Sheria yataka duka la dawa lisimamiwe na mtu aliyesomea na kuandikishwa. Lakini mnajua ilivyo: pengine cheti kiko ukutani na mwenye cheti hayupo. Aliyepo ni kijana aliyefundishwa kwa kutazama. Mama anakuja jioni na shilingi 50, anataka antibayotiki ya siku mbili badala ya siku saba. Kijana anakata kipande cha karatasi ya vidonge na kumpa, bila ya jina, bila ya bechi, bila ya tarehe. Vijidudu havifi vyote. Vinavyobaki vinajifunza kuishi na dawa, na safari ijayo dawa ile haitamsaidia mama huyo wala jirani yake. Siku wakaguzi wanapofika, mwenye duka yuko mbali, na anayepandishwa gari ni kijana yule.

Wenzetu wa Tanzania walilitazama tatizo hili kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2003, wakianzia Mkoa wa Ruvuma, waliyageuza maduka madogo kuwa maduka ya dawa muhimu: wauzaji wakafundishwa na kupewa vyeti, mwenye duka akalazimishwa kuandikishwa, na orodha ya dawa zinazoruhusiwa ikawekwa wazi. Mwaka 2018 Tanzania ikawa nchi ya kwanza ya Afrika ambayo mamlaka yake ya dawa ilitambuliwa na Shirika la Afya la Ulimwengu kuwa imefika daraja la tatu, yaani kazi yake imesimama imara. Hatusemi kila kitu chao kifuatwe. Twasema kumfundisha muuzaji kumezaa matunda ambayo kumkamata peke yake hakujayazaa.

Baada ya maneno haya, kamati yaleta mbele yenu mambo manne ya kuingizwa katika mapatano ya pamoja yatakayozungumzwa na waajiri.

Kwanza: Mfanyakazi ye yote, wa kudumu au kibarua, awe na haki ya kusimamisha kazi akiona pipa, bechi au karatasi yenye kasoro, naye asikatwe mshahara wala asifukuzwe kwa sababu hiyo. Neno lake liandikwe katika daftari, na mwakilishi wa wafanyakazi apewe nakala siku hiyo hiyo.

Pili: Katika vyumba vya kupima, kuchanganya na kubandika karatasi, pasiwe na vibarua wa siku. Kazi hizo zipewe watu wa kudumu waliofundishwa.

Tatu: Katika maduka, mwajiri amlipie muuzaji mafunzo, na gharama ya kesi inayotokana na kutokuwapo kwa mwenye cheti iwe ya mwajiri, isiwe ya muuzaji.

Nne: Bechi ikitangazwa mbaya, muda wa kuitafuta rafuni na kuirudisha uhesabiwe kuwa muda wa kazi wenye malipo. Mtu hawezi kufanya kazi ya kuokoa maisha kwa kuiba dakika zake za chakula.

Labda mtauliza kwa nini tuyaweke katika mapatano na si katika ombi kwa Serikali. Ni kwa sababu, kwa Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007, mapatano yakisajiliwa na mahakama ya kazi huingia ndani ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Mtu wa aproni hatahitaji tena kwenda kutafuta kifungu. Atakuwa nacho katika karatasi yake mwenyewe. Maombi kwa Serikali tutayapeleka pia, lakini hayo yana foleni yake.

Na sisi tuna wajibu wetu. Tukidai haki ya kusema "ngoja," hatuna budi kuitumia. Mwanachama anayebandika tarehe mpya juu ya tarehe ya zamani kwa ahadi ya bahashishi, chama hakitamtetea kwa jambo hilo. Hatuwezi kudai ngao kwa mkono mmoja na kupokea rushwa kwa mkono wa pili. Mwenye duka akikulazimisha, njoo ofisini kabla, si baada.

Makatibu wa matawi wanayo makaratasi ya kura. Kila jambo moja katika yale manne litapigiwa kura peke yake, ili asiyekubali moja asiyakatae yote. Wa zamu ya usiku watapiga kura zao asubuhi watokapo kazini. Yasomeni, yajadilini majumbani, na mwulizeni mwenzako wa mashini ya pili kama ameelewa.